Rubani Delphin Kisembo na Daftari la Shinikizo la Damu

Wachungaji waheshimiwa, wazee wa ukoo, marubani na mafundi wa ndege, nanyi nyote mliokaa na mjane siku hizi tatu: familia inawasalimu na kuwaomba masikio, kwa kuwa Vital, mdogo wa marehemu, ameomba historia hii isomwe pamoja na neno lake, kabla sanduku halijafungwa.

Delphin Kisembo alizaliwa Bogoro tarehe 14 Machi 1974, mwana wa kwanza wa Mzee Antoine na Mama Marie-Claire, akapata diploma ya serikali Bunia mwaka 1993, akahitimu urubani Kinshasa tarehe 9 Juni 2000, naye Vital akahitimu urubani pia miaka minne baadaye. Tarehe 3 Agosti 2002 alimwoa Mama Clarisse, Mungu akawajalia Ézéchiel na Ketsia.

Mwaka 2011 ndugu hao walikutwa na ugonjwa mmoja, shinikizo la damu, walilorithi kwa mama yao. Delphin aliutaja kwa daktari wa marubani, akaacha chumvi, akameza dawa alizoruhusiwa, akapima shinikizo mkononi kila asubuhi na kuandika daftarini, na kila miezi sita akafaulu vipimo vya marubani. Vital aliandika kwenye fomu kwamba hana ugonjwa, kisha asubuhi ya kupimwa akameza vidonge vitatu vya kaka yake kwa mpigo, damu ikashuka mno, akaanguka mbele ya daktari, na leseni yake ikaondoka, si kwa ugonjwa, bali kwa uongo.

Tangu hapo alipima mizigo na abiria uwanjani Bunia, akimkabidhi kaka yake karatasi ya uzito kila safari, na kila ndege ilipopaa wivu ulimtafuna kama mchwa atafunavyo nguzo. Nyumbani alisema juu ya kaka yake: "Yaya iko na ugonjwa moya na miye, yeye anaruka, miye napima masaki ya mizigo. Munauliza nini tena?" Delphin, akipanda mizani, alimtania tu mdogo wake: "Leki, andika kilo za kweli, ndege haione haya."

Tarehe 5 Februari 2016 barua isiyo na jina iliifikia kampuni ya ndege iliyowaajiri wote wawili, ikidai kwamba Delphin huhonga madaktari, akasimamishwa miezi mitatu, akapimwa upya na madaktari wengine, daftari lake likasomwa ukurasa kwa ukurasa, akarudi angani. Barua ile aliiandika Vital, naye kwa miaka tisa alinyamaza, akila sahani moja na aliyemchongea.

Oktoba 2024, alipoona miguu inavimba, marehemu alimweleza daktari mwenyewe, akaiweka leseni mezani bila kungoja kunyang'anywa. Figo zilikuwa zimechoka, na tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi, akakata roho hapa Bunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika, na wenzake wa kazi waliombeba leo. Vital anaomba msamaha mbele yenu, maana amejua kwamba kaka yake aliutambua mwandiko siku ile ile alipoonyeshwa barua, akamsihi mkurugenzi asitafute ni wa nani, ili mdogo wake asikose mkate. Lala kwa amani, Delphin wetu. Aliyemfunulia Vital jambo hilo kwanza, asubuhi ya msiba, akimmiminia maji ya kunawa, ni mjane wako, Mama Clarisse, uliyemwachia siri hiyo.