Mikono Ambayo Simu Haikuiona

Ijumaa hii, tarehe 4 Julai, Papa Polycarpe atafunga kwa mara ya mwisho mlango wa darasa lake la biolojia na usafi hapa shuleni kwetu Kibua, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Miaka thelathini na minne, jamani! Wengi wetu tulio wafanyakazi wenzake leo tulikuwa wanafunzi wake, na mimi ninayeandika haya ni mmoja wao.

Alifika akiwa kijana mwembamba kutoka vilima vya Masisi, na gunia la viazi begani, kwa sababu mama yake aliamini kwamba huku msituni atakufa njaa. Wiki ya kwanza majirani walimletea ndizi na viwavi vya kukaushwa. Wakakaa kumtazama, wakisubiri kucheka. Akala, akafunga macho, kisha akauliza nani aliyevipika. Aliyevipika alikuwa Mama Adelaïde. Mimi nimeolewa juzi tu, na Floribert wangu bado ananitazama kama jua linalochomoza kila nikipita na ndoo ya maji, kwa hiyo nivumilieni nikisema kwamba wawili hawa ndio shule yetu ya pili. Hadi leo, mvua inyeshe isinyeshe, Papa Polycarpe hurudi nyumbani saa sita ili asimwache mke wake ale peke yake. Nikiwaona wamekaa mlangoni na sahani moja katikati, moyo wangu unayeyuka!

Kazi zake mnazijua. Ile bustani ya lengalenga, mchicha wetu, nyuma ya madarasa ni yeye. Watoto waliojifunza kunawa mikono kwa kopo lenye tundu ni yeye. Vita ilipowaleta watu wengi Kibua na madarasa yakajaa mikeka na sufuria zao, alifundisha kwenye baraza la kanisa, akichora tumbo la binadamu kwa mkaa ukutani. Padri alikasirika, kisha akaja kusikiliza. Na nani hapa hajasikia kelele zake kuhusu mboga? "Lengalenga musipike mpaka ikufe mara mbili!" Wamama wa sokoni wenyewe humtania kwa maneno hayo.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka. Tulipomwambia kwamba tunaandaa sherehe ya kumuaga na kuandika wasifu wake, alitupa sharti moja. Lile jambo la simu liandikwe lote. "Mukiweka sukari tupu," alisema, "mukule fete yenu bila mimi." Basi naandika.

Mwaka juzi mradi mmoja wa afya ulituletea simu zenye aplikasyo ya chakula. Mwanafunzi anapeleka simu nyumbani, anapiga picha ya chakula cha jioni, na simu inamwambia kama mboga zinatosha, kama mafuta yamezidi, kama anakula kidogo au kupita kiasi. Papa Polycarpe alifurahi kama mtoto. Alizichaji mwenyewe kwenye paneli ya jua, alizifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani yake. Chini ya kila picha simu iliuliza: mnakula wangapi? Wanafunzi karibu wote waliiacha nafasi hiyo tupu, na simu, ikikuta utupu, ilidhani anakula mtu mmoja.

Jumatatu moja alisoma matokeo mbele ya darasa. Walafi walikuwa wengi, lakini wa kwanza alikuwa Laetitia, msichana mpole wa kidato cha tatu ambaye baba yake anafanya kazi kule migodini Bisie. Picha yake ilionyesha mlima wa bugali na bakuli kubwa la maharage. Papa Polycarpe anapenda mzaha, na siku hiyo mzaha ulimponyoka: "Laetitia, dada yangu, chakula yote hii unaitiaka wapi?" Darasa likavunjika kwa kicheko. Hata ofisini, habari ilipotufikia, tulicheka. Laetitia alichukua daftari zake akatoka, na kesho yake hakuja.

Angejibu nini? Mnajua kwetu ilivyo. Watu wakishakaa kwenye sahani, hawahesabiwi. Ukimhesabu mgeni akiwa ameshika tonge, umemwambia aondoke. Nyumbani kwa Laetitia alikuwa amekaribishwa Mama Annonciata, mjane aliyekimbia kutoka Masisi na wajukuu wake, na wote walikula kwenye sahani ile ile. Kujaza nafasi ile ya simu kungekuwa kumfukuza bibi wa watu kwa kidole kimoja. Kumwambia mwalimu ukweli mbele ya darasa kungekuwa vibaya zaidi. Basi mtoto akakubali kuitwa mlafi.

Lakini wajukuu walisikia kicheko cha wenzao njiani, wakakibeba mpaka nyumbani. Mama Annonciata alielewa upesi kuliko sisi sote. Alikunja mikeka yake, akawashukuru wenyeji wake, akaenda kulala na watoto kwenye sakafu ya kanisa.

Aliyemwambia Papa Polycarpe ni mke wake, wakiwa mezani. "Polycarpe, umeanza kuhesabu bantu mu sahani? Njo vile mama yako alikulea?" Papa Polycarpe alisukuma chakula pembeni. Ametuambia mwenyewe kwamba kilichomchoma si kutojua. Alijua! Akiwa mdogo aliwahi kuhesabu wageni kwa sauti, na mama yake akamtoa nje, akamlaza na njaa. Alijua, na mbele ya kioo cha simu kinachong'aa akasahau kama mtu asiyelelewa na mama yule.

Alienda kanisani na tai yake shingoni kuomba msamaha. Mama Annonciata hakumkaripia. Alimuuliza tu: "Mwalimu, ile simu yako inaonaka chakula, lakini mikono haionake?" Kisha bibi alisema yuko tayari kurudi, ila mgongo wake umechoka na sufuria. Mwalimu akaelewa. Akaibeba sufuria ile nyeusi kichwani, masizi yakimtiririkia kwenye shati jeupe, akapita katikati ya soko akiwa na bibi na wajukuu nyuma yake. Vijana wa pikipiki hawakumhurumia. "Prof, leo njo unaolewa? Bwana iko wapi?" Hakugeuka. Nilikuwa pale na Floribert, bado tukiwa wachumba, na hakuna kati yetu aliyeweza kucheka.

Siku iliyofuata alisimama mbele ya darasa lile lile na kusema wazi alichokosa. Kisha akamtafuta Guy, kijana wa mradi, akamsumbua mpaka ile nafasi ya hesabu ikaondolewa. Alama za kusomwa mbele ya watu zikafutwa pia. Badala yake, mwanafunzi anarekodi ujumbe wa sauti, ule tunaouita vokali, kwa lugha ya nyumbani, akieleza alichojifunza, na mzazi anamjibu. Ndiyo maana siku hizi kuna baba huko migodini anayejua kwamba mtoto wake ameonja lengalenga na ndagala, dagaa wetu, pamoja. Ndiyo maana kuna bibi anayemfundisha simuni mjukuu wake kupika sombe, yale majani ya muhogo. Watoto wanakula vizuri zaidi, na wanaongea na watu wao. Wageni wa mradi wanasifu sana. Papa Polycarpe, akisifiwa, hutazama viatu vyake.

Kwa sababu Laetitia alirudi darasani, alisoma, alifaulu, lakini hakumsemesha tena. Alimsalimia macho chini, akajibu maswali yake yote kwa kuandika. Hakumlaumu kwa neno lolote, na hiyo ndiyo iliyomuuma. Tumemwona, mwaka mmoja na zaidi, akitaja jina lake kwenye orodha ya asubuhi kwa sauti ya chini kabisa. Aliwahi kuniambia kwamba anaogopa kustaafu na kimya kile.

Wiki iliyopita alikuwa ofisini kwetu akirudisha funguo, simu yake ikalia. Vokali. Alibonyeza bila kuangalia ni ya nani, nasi tukasikia pamoja naye:

"Papa mwalimu, ni mimi Laetitia. Siku ya Mungu Mama na bibi Annonciata batapika maharage na lengalenga. Haitakufa mara mbili. Kuya na Mama Adelaïde. Na usiulize tutakuwa wangapi."

Aligeukia ukuta, akavua miwani, akairudia vokali ile mpaka simu ikazimika.

Asante, Papa Polycarpe, kwa bustani, kwa mkaa ukutani, na kwa kutufundisha jinsi mtu mzima anavyobeba aibu yake hadharani. Mbele yako kuwe na miaka ya amani na afya pamoja na Mama Adelaïde wako. Na wewe msomaji, Ijumaa uje na watu wako. Kamati ya sherehe ilitaka kujua idadi ya wageni. Tumekataa kuhesabu.

Myriam, sekretarieti