Gauni la Kamba la Mama Sellah

Miaka ishirini na mbili Mama Sellah Nyang'au ameshonea chuo chetu cha sanaa nguo za maigizo, na leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, anastaafu rasmi. Walimu wangeandika hii stori kwa Kizungu kirefu mpaka pilau ipoe, ndio maana mmepewa muuza chai wa hapa geti. Vumilieni tu.

Mama alikuja kutoka Sigowet, alikokuwa anashona sare za shule kwa veranda ya duka. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuvalisha wazee wa baraza kwenye mchezo, na kitambaa hakuna. Akashusha mapazia ya madirisha ya ukumbi, wazee wakapendeza sana. Shida ni mgeni rasmi, aliyepigwa na jua machoni mchezo mzima. Kuna mwaka pia alishona simba, haraka haraka, mkia ukakaa mbele. Watu walicheka mpaka simba mwenyewe akakaa chini.

Lakini mwaka huu ndio alitushonea kubwa. Wanafunzi wa drama walichoka kupewa nafasi kulingana na jina la baba, yaani kabila. Ukiwa Mkisii, wewe ni mchuma majani chai ama msichana wa kazi. Wachira kila mara ni mwenye duka mwizi. Omollo amekuwa soja wa geti mpaka mzazi mmoja akampigia honi amfungulie. Na Nelvine Nyagaka, mwenye sauti ya kuamsha Kapkatet yote, alikuwa amefika mwaka wa mwisho bila kusema jukwaani zaidi ya "Karibu chai, madam." Alikuwa ameshafunga sanduku aache chuo arudi nyumbani.

Wakapeleka malalamiko kwa kamati. Kamati ikasema hakuna ubaguzi, kila mtu huchaguliwa kwa majaribio. Hapo Mama Sellah akakohoa. Maana kila mwaka mkuu wa idara alikuwa anamletea msichana wa kuigiza malkia apimwe gauni wiki nzima kabla ya hayo majaribio, ati ndio gauni liwahi. Mama naye alikuwa anaona ni mpango mzuri wa kazi! Akaambia kamati hayo wazi, na kwamba mwaka huu hapimi mtu.

Akashona gauni la kamba mgongoni, la kukaza na kulegeza. Mwembamba anaingia, mnene anaingia, hata mimi niliingia. Mkuu wa idara akaliangalia akasema ni gunia la majani chai. "Sawa mwalimu," Mama akamjibu, "lakini hili gunia halijui jina la mtu."

Kamati ikaita waamuzi kutoka nje. Nelvine akapita majaribio, akawa malkia. Cherotich, aliyekuwa malkia miaka miwili, ndiye alimfunga kamba kwa mkono wake. Omollo sasa ni waziri, na ameanza kutembea kama anatudai salamu.

Lakini Mama alilipia hiyo kazi. Alikuwa ameomba kuongezewa mwaka mmoja, ombi likakataliwa bila sababu. Wanafunzi walitaka kufunga geti, biashara yangu ikiwa hapo hapo. Akawafukuza warudi mazoezi, akasema hakushona gauni ndio mtu akose mtihani. Wanafunzi wa ngoma nao wamelalamika vivyo hivyo, na malalamiko yao bado yako kwa kamati. Tutaona.

Mama Sellah, baada ya chakula Nelvine anaingia jukwaani. Miaka yote umeangalia michezo yetu kutoka nyuma ya pazia, sindano mdomoni. Leo kiti chako kiko mbele kabisa. Kamba ikifunguka, wacha ifunguke, usiinuke. Tunashukuru sana, mama yetu. Ukalale mpaka jua liwake, wajukuu wakuletee chai, na maisha yakukae vizuri bila kukubana popote.