Baridi Isiyo ya Theluji

Sogezeni viti, wanangu. Raili, acha hayo masufuria, na wewe Tuomo usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kusoma mita ya umeme. Mimi Eljas mwana wa Arvi, niliyezaliwa katika nyumba hii kando ya ziwa na ninayeondokea katika chumba chake kidogo kuliko vyote, nina maneno, na maneno ya mtu anayeondoka hayarudiwi, kwa hiyo sikilizeni pumzi ingali nami.

Daktari amezungumza nanyi jikoni akidhani ukuta huu ni mnene. Ukuta ni wa mbao, nimeupigilia mwenyewe, na nimesikia yote. Uchafu wa kidonda umeingia mfupani, kutoka mfupani umeingia kwenye damu, na moyo wangu hautastahimili kisu. Basi. Nisihamishwe. Nimehamishwa vya kutosha ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mnadhani haya yalianza na msumari. Hayakuanza na msumari. Yalianza mama yenu Vieno akiwa hai, tukichimba viazi vya mwisho, niliposikia baridi kwenye nyayo. Si baridi ya theluji, ambayo huanza nje ikapenya, bali baridi iliyoanzia ndani, kana kwamba mtu amenimiminia maji ya ziwa kwenye mifupa. Nikavaa soksi za sufu jozi mbili, nikaongeza ya tatu, viatu vikakataa. Nikamwambia mama yenu, "Nipashe miguu, imeganda." Akaishika, akacheka hadi akapaliwa. "Eljas, miguu yako ina moto kuliko yangu! Unaniombea kazi bure." Nami nikacheka, lakini moyoni niliogopa, kwa maana mtu akisikia baridi ambayo mkono wa mkewe hauioni, atamlalamikia nani?

Baada ya baridi ikaja ganzi, vidole kwanza, kisha nyayo, nikawa nakanyaga ardhi kama ninayekanyaga pamba. Nikitembea wima hadi kwenye sanduku la barua barabarani, miguu ilijaa uzito katikati ya njia, ikabidi niiname nijifanye ninafunga kamba za viatu, na nikiinama, wanangu, uzito ulipungua. Lakini majira ya theluji nilishika kile kiti chetu cha kutelezea thelujini, nikakiinamia mgongo, nikasukuma kwa mguu mmoja, na nilifika dukani kama kijana anayekwenda kuposa. Watu waliliona hilo. Nani angewalaumu kwa kushangaa?

Aliyeshangaa kwa sauti kubwa kuliko wote ni baba yenu mdogo Oiva. Ilikuwa kiangazi, natoka dukani, mguu ukakosa ngazi ambayo macho yalikuwa yameiona, nikaanguka kifudifudi, pakiti ya maziwa ikapasuka, mkate ukabingirika hadi kwenye viatu vyake. Alikuwa amekaa kwenye benchi na wenzake wawili. Akasema, "Haya, kaka yangu leo kaanza mapema! Theluji ikianguka anaruka kama sungura, jua likiwaka anatambaa. Hiyo ni miguu au ni kiu?" Wakacheka. Nami nilikuwa sijaonja tone la pombe tangu siku ya kipaimara chako, Tuomo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema. Mimi nilijikwaa kidole, ndugu yangu akajikwaa ulimi, na tangu siku ile tumekaa ufukwe mmoja, sauna mbili za kuogea mvuke, uzio mmoja katikati, na hakuna salamu.

Nilikwenda kwenye zahanati. Wakanipima sukari, hakuna. Wakaigusa mishipa ya damu miguuni, inapiga. "Ni uzee, mzee Eljas, tafuta soksi nzuri." Neno lile nililipokea kwa furaha, kwani uzee ni ugonjwa usiodai kurudi kesho. Mama yenu hakuridhika. "Uzee umeingia miguuni tu? Mbona mdomo wako bado kijana?" Alitaka turudi tukaulize upya. Kisha akafa yeye, na sikuwa tena na mtu wa kunisukuma.

Raili, unaikumbuka ile Jumamosi ya sauna. Ulikuwa umekuja kunitembelea kutoka Turku, umekaa nje na taulo, ukaniita, "Baba, nini kinaungua humo?" Nikajibu, "Labda ni soseji." Ulikuwa unyayo wangu, wanangu. Nilikuwa nimeuegemeza kwenye jiko la mawe nikiwaza habari za kuni, na nyama yangu inaungua kama nyama ya mtu mwingine. Hapo ndipo mliponipeleka hospitali kubwa, wakaniingiza kwenye ule mtambo unaogonga kama wahunzi, na daktari yule binti akatuonyesha picha: mfereji wa uti wa mgongo umebanwa na mfupa, mishipa ya fahamu imesongamana kama kondoo kwenye lango jembamba. Akauliza, "Ukiinama unapata nafuu?" Nikasema ndiyo. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwili ulikuwa unakuambia." Wakapasua, wakapanua. Maumivu yakaondoka. Miguu haikurudi. Mshipa uliobanwa miaka mingi ni kama mtu aliyetoka kifungo kirefu: mlango uko wazi na yeye bado amekaa.

Kisha mkaanza kunifunga. Msiiname, sisemi kwa uchungu, nasema ilivyokuwa. Nilikanyaga pedali nisiyoijua nikaingia na gari kwenye banda la kuni, mkachukua funguo za gari. Nilishaungua, mkafunga sauna. Ngazi ni hatari, kitanda kikateremshwa huku nyuma ya jiko, ambako bibi yenu alikuwa akihifadhi viazi. Mkanipa kengele kama ng'ombe. Kila mlichofanya kilikuwa haki, na kila haki ilikuwa ukuta, nikakaa hapa nikitazama paa la sauna yangu mwenyewe kupitia dirisha, mwenye miguu isiyojua iko wapi mpaka niitazame. Na wewe Raili ukaacha kazi Turku, ukaacha kwaya yako, na yule Joonas aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili sasa hapigi. Ulidhani sikuona? Mfungwa na mlinzi wake hula chakula cha gereza moja.

Kwa hiyo kuhusu msumari, sikiliza, maana najua unajilaumu. Ulikwenda mjini kununua samaki. Nikavaa buti, nikatoka, nikashika uzio hadi bandani, nikapasua kuni. Msumari ulipita soli ukaingia, sikuusikia. Nilichosikia ni harufu ya msonobari na shoka likizama vizuri. Ulipokuja kunivua buti ukaona damu ukapiga yowe, mimi nilikuwa bado natabasamu. Alasiri ile nilikuwa mtu mwenye nyumba. Usiifanye kuwa dhambi yako, wala usiniibie.

Maji kidogo. Ahsante.

Sasa wewe, Tuomo. Vua viatu.

Usiniambie si wakati wake, wakati gani mwingine ninao? Nimekuona mlangoni unapiga miguu chini, na nje hakuna theluji. Nimekuona kaburini kwa mama yako ukiinamia jiwe, na mgongo wako ulikaa vile kwa muda mrefu kuliko sala. Weka mguu hapa kitandani, nipe niushike. Hm. Una joto kama mkate. Na wewe unasikia nini? Sema kwa sauti, dada yako naye asikie. Barafu. Tangu lini? Tangu mavuno ya mwaka juzi. Na mkeo anajua? Hajui.

Mficha maradhi kilio humfichua, mwanangu, na kilio chenyewe unakisikia leo, kimelala mbele yako. Babu yenu Arvi alikuwa akitembea akishika ukuta, nasi watoto wake tukasema ni chupa. Jana kupitia dirishani nimemwona Oiva akienda kuchukua barua. Alishika uzio, akainama, akafunga kamba za viatu. Wanangu, alikuwa amevaa buti za mpira.

Basi huu ndio urithi wa kwanza, ule niliokuwa karibu kuwaachia bila kujua. Jumatatu utakwenda kwa daktari, Tuomo, na utapitia kwa baba yako mdogo umchukue. Huenda ni uti, huenda ni sukari, huenda ni upungufu kwenye damu. Mimi sijui, wewe hujui, ndiyo maana mtu huenda. Wakikuambia ni uzee, kaa kwenye kiti mpaka waite mwingine. Kila jioni tazama nyayo zako kwa macho, maana zenyewe hazitakuambia. Na siku mguu ukilegea ghafla, au mkojo ukakutoka bila ruhusa, usingoje hata kikombe cha kahawa, nenda saa ileile.

Oiva akisita mlangoni, na atasita, mwambie Eljas hakutuma samahani wala hadai samahani, ametuma gari. Ule uzio ung'oeni, kuni zake mchome kwenye sauna yoyote. Siku ya kunishusha kaburini ashike mkanda wa mbele wa jeneza. Asipoweza kusimama, ashike akiwa amekaa. Atakayecheka, mwacheni acheke.

Msitu ni wa Tuomo, usiukate wote kwa mkupuo. Ufukwe ni wenu wawili. Nyumba iuzwe. Hapana, Raili, nimesema iuzwe. Usibaki hapa ukilinda chumba kitupu. Rudi Turku kabla ziwa halijaganda, kaimbe, na huyo Joonas mpigie wewe, kidole chako hakijafa ganzi.

Pumzi... inapungua. Sogeeni.

Mungu wa mama yenu awape njia pana na miguu inayoijua ardhi. Mkosane, mpatane, msinyamaziane. Mkianguka mbele za watu, aokotwe mtu kwanza... maziwa baadaye. Nimewabariki, na watoto watakaokuja... nimewabariki.

Raili. Naona umeinama huko mwisho wa kitanda. Unanisugua miguu? Acha, binti yangu, huko... hakuna mtu. Njoo huku juu. Nishike mkono.

Ndiyo. Huo nausikia.