Uso Uliofanana na Mlango

Ndugu zangu, mniwie radhi nikisoma. Nimeandika kwa sababu nikisimama mbele za watu maneno hunikimbia, na shule yangu haikufika mbali, iliishia Karagwe tulikokulia ukimbizini. Mama anayetuongoza hapa kwenye kikundi chetu cha wafiwa aliniambia, "Toa ushuhuda, wewe umepona." Nikamjibu kwamba sina hakika. Akasema, "Basi toa ulichonacho." Ndicho hiki. Majina sitataja.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kule Kimisagara, milango na madirisha ya chuma. Mke wangu aliugua ghafla akaenda hospitali, hakurudi. Hospitali siilaumu, walihangaika naye, niliwaona kwa macho yangu. Tukamzika. Watu wakajaa uani, viti vikakodiwa, majirani wakaleta chakula hata kikatushinda. Kisha ikafika siku ya kuondoa kilio, gukura ikiriyo, wakanishika mkono, wakasema "ihangane", jikaze, wakaenda zao. Siwasemi vibaya, kila mtu ana nyumba yake. Lakini nawaambia, kilio chenye watu kina nafuu. Mimi nilianguka baada ya viti kurudishwa.

Sikuanguka kwa pombe. Labda ingekuwa pombe watu wangeona. Nilikwenda kazini, nikachomelea, nikarudi, nikapika viazi, nikakaa. Ukinisalimu nakuitikia, ila ndani hamna mtu. Wanyarwanda tunasema machozi ya mwanaume hutiririka kwenda tumboni. Yangu yalifika huko yakaganda.

Na kulikuwa na mtu mmoja nisiyeweza kumtazama, dada wa mke wangu, anakaa Kanombe. Walifanana wale, ukiwaona kwa nyuma ungemwita mmoja kwa jina la mwingine. Sauti ile ile. Akinipigia simu niliiacha iite mpaka ichoke.

Nina binti mmoja. Mama yake alipofariki alikuwa hajaanza shule. Siku moja namwogesha, akaniuliza:

"Papa, Mama alikuwa mrefu?"

"Mrefu kidogo."

"Kama wewe?"

"Hapana, si kama mimi."

Akafikiri. "Mimi simwoni tena."

"Humwoni wapi?"

Akajigusa paji la uso kwa kidole chenye povu. "Hapa. Alikuwa anakuja. Sasa haji."

Niliogopa kuliko siku ya mazishi. Nikamwonyesha picha za mama yake kwenye simu. Alizitazama kidogo, kama unavyotazama picha za wageni, akaniomba katuni.

Sasa, shuleni walikuwa wamempa karatasi ya kupaka rangi kwa nambari. Ilikuwa kasuku, amegawanywa vipandevipande, kila kipande kina nambari yake, moja nyekundu, mbili kijani, hivyo hivyo. Kwa kasuku yule alikaa mchana mzima, ulimi nje. Jirani akaniambia Remera kuna duka la kuchapisha, wanageuza hata picha yako mwenyewe ikawa ya namna ile. Nikawaza, kama kasuku anamtazama mchana mzima, na mama yake atamtazama.

Nilichagua picha moja. Mke wangu amesimama mbele ya mlango wa nyumba yetu, mlango niliouchomelea mimi na kuupaka rangi ya kahawia iliyobaki kwenye kazi ya mteja. Amevaa kitenge cha njano. Anacheka, ananiambia nifanye haraka, chakula kinaungua.

Binti wa dukani akauliza, "Rangi ngapi, mzee?"

"Penseli zetu ziko chache. Weka chache."

"Zikiwa chache picha inapoteza vitu."

"Haina shida."

Nasema hili msije mkamlaumu. Alinionya.

Jumapili tukakaa mezani. Binti yangu ana utaratibu wake, humaliza nambari moja karatasi nzima ndipo aguse nyingine. Akasema tuanze na saba kwa sababu ndiyo nyingi. Saba ilikuwa kahawia. Yeye akapaka juu, mimi chini. Unapopaka huoni picha, ndugu zangu, unaona kipande kilicho mbele yako, kama nikichomelea ninavyoona cheche peke yake. Tulipoinua karatasi, mlango ulikuwa kahawia, na uso, na shingo, na mikono, kahawia moja isiyo na mpaka. Kitenge kimesimama katikati, cheupe, hakina mwenyewe. Mashine ilinyimwa rangi, ikaona ngozi ya mke wangu na mlango wangu ni kitu kimoja.

Mtoto akatazama, akasema, "Papa, Mama ameingia ndani."

Hakulia. Alisema kama mtu anayeleta habari. Aliyelia ni mimi, kwa sauti, mpaka jirani akaja kugonga. Yaliyoganda tumboni yalitoka. Najua mnangoja niseme nilipata nafuu. Hapana. Ilikuwa vibaya sana, na mtoto aliniona.

Nikarudi Remera na karatasi. Yule binti hakusema "si nilikuambia". Alisema, "Uso naweza kuupa nambari yake peke yake. Lakini picha hii ina kivuli, rangi yake si ya kweli. Niambie wewe, alikuwa kahawia gani?"

Akanifungulia kahawia nyingi kwenye kompyuta, safu kwa safu. Mimi huchanganya rangi za milango kila wiki, nikikosea mteja anagombana nami. Nilisimama pale. Nikanyoosha kidole, nikakirudisha. Kumbe si mtoto peke yake aliyekuwa anasahau.

Njia ilikuwa moja na niliijua. Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tulipomaliza kufagia mtaa, nilinunua boksi kubwa la penseli, nikamshika mtoto mkono, tukaenda Kanombe.

Shemeji alifungua, akatutazama mmoja mmoja.

"Loo, yewe! Mimi nilidhani na wewe tulikuzika."

"Shemeji, tumekuja kuomba kitu."

"Simu hupokei, kuomba unajua. Unaomba nini?"

"Mkono wako."

"Wa kukuchapa?"

"Wa kupimia rangi."

Nikamweleza, vibaya vibaya, mtoto akimwonyesha karatasi. Aliitazama kwa muda. Kisha akavuta kiti mpaka dirishani penye mwanga, akakunja mkono wa blauzi. "Mwaka mzima hunisalimu, leo unakuja kunipima kama kitambaa. Haya, pimeni."

Mtoto akawa anachora kwenye karatasi, anaiweka juu ya ngozi yake.

"Hii, Mama mdogo?"

"Hiyo ni ya maiti, sha, ondoa."

"Hii?"

"Hiyo ni mimi nikiwa mgonjwa. Mama yako alinizidi weusi kidogo, na alikuwa anajivunia. Ongeza ile nyeusi, taratibu. Taratibu, nimesema. Hapo." Akaizuia penseli ya mtoto. "Hapo ndipo alipokuwa."

Nikainua macho nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu mazishi. Iliniuma. Haikuniua.

Nitakuwa mkweli. Asubuhi bado zinanishinda. Binti yangu hamkumbuki mama yake zaidi kuliko zamani; naona anaikumbuka karatasi. Shemeji anasema nakosea, kwamba mtoto sasa anamuuliza mambo ya mama yake na yeye anamjibu. Huenda yeye ndiye anayeona vizuri. Simu yake naipokea.

Namshukuru yeye. Namshukuru binti wa Remera, ambaye tulipompelekea rangi ile alikaa na picha kama ya ndugu yake, na jirani aliyegonga, na ninyi mnaonivumilia nikisoma. Kama nina funzo ni hili dogo: ukianza kumpoteza mtu mara ya pili, usikae naye mezani peke yako. Nenda kwa aliyebaki na kipande chake, hata kama kumtazama kunachoma.

Karatasi hii hapa, naipitisha, msiikunje. Kitenge ni cha njano, uso umetoka kiasi. Mtaona mlango ulio nyuma yake haujapakwa. Nilimwambia mtoto tumalizie, kahawia ya mlango ipo. Akaificha penseli mgongoni.

"Mlango tuuache mweupe, Papa," akasema. "Asije akaingia tena."