Tarumbeta Iliyopigwa Mara Mbili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo ni arobaini ya Papa Maliki Sumaili, mpiga tarumbeta wa kambi ya askari ya hapa Kalemie. Alifariki akiwa na miaka themanini na minne. Papa Maliki Sumaili, yule aliyepiga mara mbili mlio wa kupigwa mara moja. Wazee wa mji huu wameshaanza kutabasamu. Vijana, tegeni masikio.

Alizaliwa mwaka 1932, katika nyumba ya wafanyabiashara wa ziwa, watu wa kwenda Kigoma na kurudi na chumvi na vitambaa. Baba yake alimtaka awe muadhini, maana pumzi alikuwa nayo tangu utotoni. Jeshi la koloni likamwahi, likampa tarumbeta ya shaba. Binti yake, Mama Mwanamisi, alituambia juzi: "Bibi yetu Fatouma, mama ya baba, alinuna mwaka muzima. Alisema, pumzi ya kuita batu kusali, sasa inaita batu kunywa uji."

Wakati ule mji wetu uliitwa Albertville. Makomanda walikuwa Wabelgiji. Walikaa miaka miwili, mitatu, wakahamishwa, na kila mmoja alipoondoka kulikuwa na sherehe ya kukabidhiana kambi. Kikosi kizima kinapangwa uwanjani. Tarumbeta inapiga mlio wa kufungua. Hapo kila askari anasimama wima, kila ofisa anaweka mkono kwenye kofia, hata kukohoa ni marufuku. Anayeondoka anamkabidhi anayeingia bendera. Kisha unapigwa mlio wa kufunga. Ukishapigwa huo, mambo yamekwisha, na hakuna wa kuyarudia.

Lakini kambi ya hapa ilikuwa na desturi yake. Bendera haikutoka kwa komanda kwenda kwa komanda moja kwa moja. Ilipita kwanza mikononi mwa sajini mkongwe kuliko wote. Narudia, wasikilizaji wapendwa: ilipita kwa sajini. Mwaka 1956 sajini huyo alikuwa Banza, mtu wa Kiambi, aliyekwenda vita vya Abisinia na kurudi na vidole vinane vya miguu. Ndiye aliyempokea Maliki kambini na kumfundisha hata kufunga viatu. Alimwambia: "Bakomanda banapita, mutoto yangu. Sisi njo tunabakia. Kwa hiyo bendera inatupitia kwanza."

Banza alikuwa ameingojea zamu hiyo miaka ishirini na miwili. Kila sherehe ilimkuta kuna mkongwe kuliko yeye. Sasa zamu ilikuwa yake, na ilikuwa ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu wiki iliyofuata alikuwa anastaafu. Mke wake, Mama Bibiane, alifua glavu zake nyeupe mara tatu. Mashemeji walitoka Kiambi kuja kutazama, wakajipanga kwenye ua wa kambi, wamevaa nguo za sikukuu.

Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa ziwa unavuma. Maliki akapiga mlio wa kufungua. Kikosi kikasimama kimya. Komanda anayeondoka akatoa karatasi ya mpango wa sherehe. Karatasi hiyo iliandikwa na ofisa mgeni, ambaye desturi hakuijua, au aliijua na hakuitaka. Mpaka leo hakuna ajuaye. Komanda akaifuata mstari kwa mstari. Banza akapiga hatua moja mbele, akanyoosha mikono. Bendera ikapita mbele ya kifua chake, ikaenda moja kwa moja kwa komanda mpya.

Banza akabaki vilevile, glavu nyeupe hewani, mbele ya kikosi kizima na mbele ya mashemeji. Hakuweza hata kuishusha mikono yake, kwa sababu mlio wa kufunga ulikuwa bado. Ile ilikuwa aibu, wasikilizaji wapendwa, na inauma hata kuisimulia.

Ofisa mmoja akamwashiria Maliki: funga. Maliki akainua tarumbeta. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, amemposa Asha, anangojea cheo chake cha kwanza. Akifunga, Banza amekwisha. Asipofunga, yeye mwenyewe amekwisha. Miaka mingi baadaye alimwambia binti yake: "Midomo yangu ilikauka sawa ndagala, dagaa ya kwenye muchanga."

Kisha akapiga. Akapiga mlio wa kufungua. Kwa mara ya pili.

Kikosi kizima kikakakamaa upya. Komanda mpya naye, bendera mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukaruka wenyewe kwenye kofia, maana mlio ukiita hauchagui cheo. Komanda wa zamani akamtazama Maliki. Akamtazama Banza. Masikio yakamwiva mekundu. Akanyoosha mkono, akaiomba bendera irudi, akaiweka juu ya zile glavu nyeupe.

Banza aliishika. Alikiri baadaye kwamba alihesabu mpaka kumi, polepole, bila haraka ya mtu yeyote. Kisha akatembea hatua nne, akamkabidhi komanda mpya. Kule kwenye ua Mama Bibiane akapiga vigelegele, marufuku au si marufuku, na mashemeji wakamfuata. Ndipo Maliki akafunga. Wazee wanaapa kwamba mlio ule ulisikika ng'ambo ya mto Lukuga.

Alitiwa kashoti, jela ya kambi, siku nane. Cheo hakikuja mwaka ule. Lakini kila mchana Mama Bibiane alimletea ugali na mikebuka, samaki wanono wa ziwa letu, na Papa Maliki alipenda kusema: "Mimi ni muntu wa kwanza kunenepa ku kashoti." Siku ya nane komanda mpya alikuja mwenyewe, na daftari, akauliza kuna nini kingine ambacho hakimo kwenye karatasi. Maliki akajibu: "Sajini Banza njo anajua yote, komanda. Anaondoka kesho."

Komanda akaenda kubisha hodi kwa Banza. Makabidhiano yaliyofuata, mwaka 1958, karatasi ilikuwa na mstari mpya: bendera ipite kwa sajini mkongwe.

Tunawapa pole Mama Asha, Mama Mwanamisi, wajukuu, na jamaa wote wa marehemu. Mungu amrehemu. Pole pia kwa ukoo wa Banza kule Kiambi. Mwana wa Banza, Papa Évariste, alikuja kwa pikipiki siku mbili njiani. Matangani alifungua kitambaa, akampa Mama Mwanamisi zile glavu.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, mkimaliza kunisikiliza, tazameni nyumbani kwenu, kazini kwenu. Labda yuko mtu karatasi imemruka, naye bado amesimama, mikono mbele. Kama yupo, msifunge kwanza.