Cherehani Kwenye Mkokoteni

Msinipigie makofi bado, ndugu zangu. Wengine wenu ndio mlikuwa mnasukuma ule mkokoteni, na mnakumbuka neno nililowaambia siku ile. Mimi nikilikumbuka mpaka leo naona haya. Lakini mama mwenyekiti wa chama chetu cha mikopo amesema nisimame nieleze kabla hamjaamua jambo la leo, basi nitaeleza lote.

Mnanijua. Nauza viatu vya mitumba pale sokoni. Kuna watu wameshikwa na mpira, kuna walioshikwa na pombe, mimi nilishikwa na baiskeli. Si hizi za kubeba abiria tulizozaliwa tukaziona hapa Busia. Nasema ya mashindano, nyepesi, unainyanyua kwa vidole viwili. Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua meza, nashika barabara ya Malaba, napita Alupe mbio, nafika kwenye foleni ya malori, nageuza. Madereva walikuwa wananipigia honi. Haki ya Mungu, nilijisikia mtu!

Sasa, baiskeli ya aina hiyo ikitaka viatu vyake, viatu navyo vinataka pedeli zake. Helmeti. Miwani. Ile kaptura ya kubana ambayo mama watoto alikataa kuianika nje, ati majirani watauliza maswali. Nikanunua magurudumu mengine wakati yale ya kwanza hayajachoka. Mnacheka? Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka. Pesa ilikuwa inatoka kwa simu. Nakopa huku, nakopa kule ili nilipe huku.

Kukikauka huko kote, nikaja kwenu. Nilisimama hapa hapa nikasema nataka mkopo niongeze robota la viatu. Mkauliza, mdhamini ni nani? Halafu dada mmoja akainua mkono. Sitamtaja jina, ameketi kati yenu. Ni mjane, fundi wa nguo, jirani yangu hapa Burumba. Ana cherehani moja, na hiyo ndiyo inalisha watoto wake. Akasema, "Huyu namjua, atalipa."

Robota sikununua. Nilinunua yale magurudumu.

Mnajua utaratibu wetu. Mtu akishindwa kulipa, kamati inaingia kwake kwanza kuona kuna nini cha kuuza. Mlikuja. Mkakuta kochi la zamani na runinga yenye ufa, na baiskeli imening'inia ukutani inang'aa. Mama mwenyekiti akauliza, "Na hii?" Nikajibu bila hata kupepesa jicho, "Hiyo ni ya kilabu cha baiskeli, mama. Mimi naendesha tu." Kilabu gani jamani? Nilikuwa naendesha peke yangu!

Mkatoka. Nikafunga mlango, nikashukuru Mungu. Ati nikashukuru Mungu! Wala sikujiuliza kamati ikitoka kwangu inaenda wapi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa narudi kutoka Malaba, helmeti kichwani, kaptura imenibana, jasho zuri. Nikifika karibu na kona ya kuingia Burumba, naona kamati yetu inasukuma mkokoteni. Juu yake kuna kitu kimefunikwa leso. Nikapunguza mwendo. Nikapiga kengele, nikawatania, "Leo mmemnyanyulia nani vitu vyake tena, wanawake nyinyi?"

Hakuna aliyecheka. Mama mwenyekiti akaniangalia kutoka helmeti mpaka viatu. Akavuta ile leso. Ilikuwa cherehani.

Akasema, "Tumemnyanyulia mdhamini wako."

Mayee! Ndugu zangu, nawaambia, nilisahau kwamba viatu vile vinashikana na pedeli. Nikataka kushuka, mguu ukakataa, nikaanguka na baiskeli yangu palepale mbele yenu. Hakuna aliyeniinua, na mlifanya vizuri.

Nikaenda kwake moja kwa moja nilivyo, nimejaa vumbi. Nikamkuta ameketi mlangoni anashona sare ya shule kwa mkono, sindano na uzi. Shule zilikuwa karibu kufungua na wazazi walikuwa wameshamlipa. Nyuma yake ndani naona pale mahali pa cherehani, sakafu ina alama za miguu ya mashine. Nikasema, "Dada, pole sana." Hakuinua kichwa. Akasema, "Pole yako siwezi kushonea sare. Nataka cherehani yangu."

Angenitukana ningepumua.

Mnajua pia kwamba kitu cha mwanachama hatukiuzi hapa. Kinapelekwa mbali, soko la Butula, ili mtu asije akaona kabati lake kwa jirani. Na siku ya soko ilikuwa Jumatatu. Nilifika nyumbani, nikamwambia mama watoto kila kitu, hata ile ya kilabu. Halafu akaanza kutoa vitu vyangu, anapanga kitandani kimoja kimoja. Vikajaa kitanda, vikashuka chini. Sisi wawili tukasimama tunaangalia. Akasema, "Na juzi uliniambia hakuna pesa ya daktari wa meno." Nilishtuka, kwa sababu mtoto alikuwa na shavu limevimba wiki nzima, na mimi nilimnunulia vidonge tu vya kupoza.

Jumapili nikairudishia baiskeli magurudumu yake ya kwanza, nikabeba yale mapya, viatu na helmeti, nikaenda Malaba kwa yule yule aliyeniuzia. Alipokuwa ananiuzia alikuwa ananiita boss. Siku hiyo akavigeuzageuza akasema, "Hizi zimetumika, mzee." Bei aliyonipa, woi! Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikachukua.

Haikutosha. Jumatatu nikapanda baiskeli, nikakanyaga mpaka Butula, kichwa wazi, ndala miguuni. Nimefika sokoni nimeishiwa pumzi. Nikaiona cherehani iko chini juu ya gunia, na mwanamume mmoja amechuchumaa anazungusha gurudumu lake, anasikiliza kama linalia. Nikapaza sauti, "Mama, ngoja! Usiuze!"

Nikampa mama mwenyekiti pesa niliyokuwa nayo. Akahesabu. "Bado." Nikasema, "Uza hii baiskeli."

Akaniuliza, taratibu, soko lote linasikia, "Ya kilabu?"

Ndugu zangu, nimebeba marobota mazito maishani, lakini ule mdomo wangu siku ile ulikuwa mzito zaidi. Nikasema, "Ni yangu, mama. Ilikuwa yangu siku zote."

Akaja mfanyabiashara mmoja wa upande wa Uganda, akaizunguka. "Ssebo, bwana, keria iko wapi?" Haina. "Stendi?" Haina. "Madigadi?" Haina. Akatikisa kichwa. "Sasa hii ni baiskeli ama ni mifupa?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akanipa pesa ambayo singekubali hata kwa kiti chake peke yake. Lakini ilifikisha deni, na yule mwanamume akaambiwa aachane na cherehani.

Nikapanda pikipiki kurudi, nimeikumbatia cherehani mpaka Burumba. Dada akaipokea, akaiweka kwenye zile alama zake sakafuni, akajaribu uzi. Hakuniambia asante, na angeniambia ningeona haya. Akanirushia sare, akasema, "Kata nyuzi." Nikakata nyuzi mpaka sare zote zikaisha.

Vitu vilivyobaki niliuza polepole mpaka ile mikopo ya simu ikaisha. Siku wadai walipoacha kupiga, simu ikanyamaza, nilidhani imeharibika. Na ile baiskeli nimeiona juzi, kweli tena! Imefungwa keria na kiti cha sponji, imebeba mama na kuku wake wawili, inaenda vizuri kabisa.

Nawashukuru nyinyi mliosukuma mkokoteni. Mngenihurumia, mpaka leo ningekuwa wa kilabu. Namshukuru mama watoto. Na nyinyi mnaopenda kitu, kipendeni, sisemi mkiache. Lakini mjue nani ameinua mkono kwa ajili yenu, mpite kwake muone ana nini ndani.

Sasa jambo la leo. Wiki iliyopita huyu dada alikuja kwenye meza yangu. Nikadhani anataka viatu. Akasema anaomba mkopo wa cherehani ya pili, na anataka mimi nimdhamini. Nilishtuka kuliko ile siku ya mkokoteni. Nikamwambia, "Mimi? Dada, watu watasema umerogwa." Akasema, "Wewe umeshaona nikibebewa cherehani. Hutataka kuona tena."

Kwa hivyo mama mwenyekiti, nainua mkono. Kamati ikitaka kuja kwangu kuangalia kuna nini, ije hata sasa hivi. Mlango uko wazi, na kila mtakachokikuta mle ndani ni changu.