Kimeo Kilikatwa, Kikohozi Kikabaki

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu navuta pumzi bila maumivu, na pumzi hiyo ndiyo ushuhuda wangu.

Miaka ile ya foleni za unga na sukari, mimi na Baba Tumaini tulikuwa tumetoka Masasi, tumepanga chumba kimoja Kariakoo, upande wa Msimbazi. Mwenye nyumba alikuwa Bi Salma, mama wa Kiarabu aliyeuza khanga. Tumaini wetu alikuwa ameanza kutambaa. Ndipo kikohozi kikanishika. Homa za jioni, jasho la usiku, mwili ukaisha hadi pete ikawa inanivuka kidoleni yenyewe.

Ndugu zangu, kwetu kikohozi kisichoisha kilikuwa na sababu moja tu: kimeo kimerefuka. Akaitwa fundi, kile kinyama kinachoning'inia kooni akakikata. Dirisha nalo tukalifunga, maana tuliamini baridi ndiyo adui. Nikaendelea kumlaza mtoto kifuani pangu, mimi nakohoa. Haukupita muda nikatema damu.

Bi Salma ndiye aliyenishika mkono hadi hospitali. Wakapima makohozi, wakasema ni kifua kikuu. Nesi akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mdogo wake kupika. Mgonjwa akikohoa, vijidudu huruka hewani, mwingine akavivuta kwa pumzi, vikapita pua na koo bila kubisha hodi na kwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. Mwili huvizungushia ukuta, vikalala humo hata miaka. Mwili ukidhoofika, ukuta hubomoka, vikaamka na kuanza kula pafu.

"Kimeo ni bawabu wa mlangoni, dada yangu," akasema. "Mmempiga bawabu, na mwizi yuko chumba cha ndani."

Sikuuliza kama nitapona. Niliuliza habari za Tumaini. Akapimwa, akaonekana mzima, jina la Bwana libarikiwe! Lakini ilibidi tutenganishwe mpaka makohozi yangu yawe safi. Siku ya kumwachisha ziwa nililia mpaka sauti ikakauka.

Ndugu zangu, Mungu ana watu wake kila nyumba. Bi Salma alimchukua mwanangu, akalala naye, akamnywesha uji. Mimi nikabaki chumbani kwetu, kila siku naenda hospitali kuchomwa sindano, mpaka nikawa nakalia upande mmoja kama mwenye jipu. Dirisha tukaliacha wazi, kama nesi alivyoagiza, hewa ivipeperushe vijidudu. Kila alasiri, akishaswali, Bi Salma alisimama uani na Tumaini, mbali na dirisha langu, akamwinua kiganja.

"Mpungie mama. Mwambie apone."

Nami nampungia, huku nafuta machozi kwa khanga. Nilikuwa na sala moja tu, mtoto asinisahau.

Siku nesi aliposema makohozi ni safi, nilirudi nyumbani nusu nakimbia. Bi Salma akamweka Tumaini mapajani pangu. Hakulia. Hakunikumbatia pia. Alinitazama usoni, akainua kiganja chake, akanipungia, vilevile kama alivyozoea kunipungia kutoka uani.

Namshukuru Mungu, namshukuru na Bi Salma aliyeniombea kwa namna yake. Nawe ndugu yangu unayekohoa leo, mtumaini Bwana. Fungua dirisha, nenda kapimwe, dawa uzimalize zote. Kuna mtu uani anakupungia.